Zahanati Iliyoitwa Kichuguu

Ofisi yetu ya ujenzi pale Morogoro ilikuwa na meza mbili za kuchorea na dirisha moja la maana. Dirisha hilo lilitazama mlima. Wakubwa walijichagulia vyumba vya mbele, vinavyotazama barabara, kwa sababu walipenda kujua nani anapita na gari gani. Sisi wa ramani tukaachiwa mlima. Sikulalamika. Asubuhi nikiona ukungu umeshuka mpaka Bigwa nilijua karatasi itavuta unyevu na wino utatambaa, basi naweka kalamu ya wino kando na kushika penseli.

Meza ya kwanza ilikuwa yangu. Nilikuwa nimerudi kutoka masomoni Nairobi, msanifu majengo mwenye cheti kipya, mwanamke pekee katika ofisi ile asiyepiga taipu. Watu waliokuja kuulizia ramani zao walinisalimia vizuri, kisha wakaniuliza mchoraji yuko wapi. Niliwaambia ametoka, warudi saa nane. Saa nane walinikuta mimi tena. Hasira zangu ziko karibu, mama yangu alilijua hilo mapema, lakini siku zile nilikuwa bado naweza kuzichezea.

Meza ya pili ilikuwa ya msanifu mwenzangu, Mnyamwezi wa Tabora, aliyenitangulia kazini. Huyo ndiye ninayetaka kumwandika. Wanyamwezi na sisi Waluguru ni watani tangu enzi za misafara, babu zao walipopita kwetu na pembe za ndovu kichwani wakiomba maji na ndizi. Asiyeujua utani hudhani ni mizaha tu. Utani ni sheria. Mtani anaruhusiwa kukutukana mbele za watu, kula chakula chako bila kukaribishwa, kuvaa kofia yako akaenda nayo zake. Nawe unaruhusiwa kumtendea hayo hayo. Usichoruhusiwa ni kukasirika. Anayemkasirikia mtani ndiye mkosaji, hata kama ameachwa uchi. Na mtani akifa, wewe ndiye unayeitwa kwenda kufanya vichekesho msibani, kulizuia jeneza, kumsema marehemu mpaka wafiwa wacheke. Msiba usio na watani kwetu huonekana haujakamilika.

Siku yangu ya kwanza kazini aliniuliza nitapigaje mstari ulionyooka wakati sisi watu wa milimani hutembea tumeinama hata tukiwa tambarare. Nikamjibu kwamba biashara ya pembe ilikwisha zamani, ila naona shingo yake bado haijapata habari. Alicheka mpaka akakalia rula. Tangu siku ile tukawa chanda na pete. Alikula mihogo yangu ya mchana, mimi nikavaa koti lake la mvua mpaka likasahau mwenyewe ni nani.

Siku hizo tulichora kwa wino juu ya karatasi inayopitisha mwanga, na ukikosea hukuwa na kifutio bali wembe. Unaukwangua mstari taratibu bila kutoboa karatasi. Mkono wangu ulikuwa mzito kwa wembe. Wake ulikuwa mwepesi mno. Nikikosea nilimsukumia karatasi, naye aliukwangua mstari wangu mbaya mpaka ukiinua karatasi dirishani huoni kitu. Nilimwamini kwa ajili ya mkono ule. Mtu anayefuta makosa ya mwenzake na asiache alama, nani asingemwamini?

Serikali ilinipa nyumba Bigwa, ya matofali ya saruji na bati, dari imeshuka, madirisha yote yanatazama jua la jioni kana kwamba aliyeichora alikuwa na ugomvi na mpangaji. Alasiri humo ndani hukai. Mvua ikinyesha hamsikilizani. Ramani yake ilikuwa moja na ya nyumba ya mwalimu Dodoma na ya bwana shamba Lindi, maana makao makuu walichora mara moja, wakaisambaza nchi nzima kama kalenda. Nyumba ya bibi yangu mzaa mama, juu mlimani, ilikuwa ya fito na udongo, nyasi za paa zimeshuka karibu na magoti. Ukiingia mchana wa jua kali, jasho linakauka mgongoni. Sisemi ilikuwa nyumba nzuri. Ilikuwa na giza, ilikuwa na kunguni, na ukuta ulitaka kukandikwa upya kila mvua zikipita. Sikutaka kuirudisha. Nilitaka kujua kwa nini inapoa, kisha niondoe giza na kunguni.

Nafasi nilipewa na mlima wenyewe. Kijiji cha akina mama yangu kiko juu ya Kinole, unapita migomba na mashamba ya mdalasini mpaka magoti yanaanza kulalamika. Hakikuwa na zahanati. Mwanamke akishikwa na uchungu alibebwa kwenye machela mpaka Kinole, na hapo lori lisubiriwe, kama lipo. Wakati wa kiangazi machela hushuka salama. Wakati wa masika ile njia huwa utelezi mtupu, na wanaume wanne waliobeba huanguka pamoja na mgonjwa wao. Kila ukoo kule juu una mtu aliyempoteza katika njia ile, na hawapendi kuizungumzia.

Mkoa ulipoamua kujenga zahanati katika vijiji vya ujamaa, niliomba hicho kiwe changu. Nilichora jengo ambalo halichimbi mlima bali linashuka nao ngazi kwa ngazi, kama watu walioketi kwenye mteremko. Msingi wa mawe ya mtoni. Kuta nene za matofali ya udongo ule ule wa pale, uliochanganywa na saruji kidogo sana na kushindiliwa kwa mashine ya mkono. Paa la vigae, kwa kuwa misheni ya jirani ilikuwa na tanuri la zamani ambalo mapadri walichomea vigae vya kanisa, na kalibu zake bado zilikuwa stoo. Baraza pana. Matundu ya chini upande wa bondeni na ya juu upande wa mlima, upepo uingie baridi utoke moto. Chumba cha kujifungulia nilikiweka mwisho, mahali penye kivuli mapema, mama apumzike. Siku zile kila hotuba ilikuwa ya kujitegemea, nami nikadhani nimechora hotuba zile neno kwa neno.

Mtani wangu aliipenda ramani ile. Nasema aliipenda, na sitalibadilisha neno hilo hata leo. Mchoro wa mkato wa jengo, ule unaoonyesha ukuta na paa na upepo unavyopita, aliutia wino yeye mwenyewe, maana alisema mkono wa Mluguru ungeupinda. Tulikwenda naye mlimani kupima kiwanja. Mjomba wangu, kaka wa mama, ndiye aliyekuwa mkubwa wa ukoo. Ardhi kwetu ni ya upande wa mama, na hakuna anayegawa kiwanja bila mjomba. Mtani alimpa shikamoo akiwa bado mbali, kisha aliposogea akamnyang'anya mkongojo wake na kuanza kutembea nao akichechemea. Mjomba alicheka mpaka akakohoa. Tukalishwa ndizi na fenesi, mtani akabeba na la safari bila kuomba. Kabla hatujaondoka mjomba alituonyesha sehemu nzuri kuliko zote za ukoo, pale juu ya njia, ambapo bibi alitaka wajukuu wake wajenge.

Mkuu wetu wa ofisi aliruhusu tuanze kufyatua matofali. Kamati ya mkoa, alisema, itabariki baadaye. Kiangazi chote wanawake wa kijiji walichimba, wakachekecha, wakashindilia. Mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, aliyekuwa ameolewa majuzi, ndiye aliyekuwa hodari kuliko wote kwenye ule mpini wa mashine. Alikuwa akining'inia juu yake mzima mzima, miguu hewani, tofali likitoka amelikazia kwa uzito wake wote. Mtani naye alivua viatu siku moja akakanyaga udongo pamoja nao. Matofali yalipangwa chini ya vivuli vya majani ya migomba, yakamwagiwa maji ili yasikauke haraka. Tulikubaliana chumba cha kujifungulia kiezekwe kabla ya masika. Mdogo wangu aliponiambia kwa aibu kwamba yeye mwenyewe atajifungua masika hayo, nilimwambia atakuwa wa kwanza kulala humo. Nilimpa neno langu, mbele ya mjomba.

Kikao cha kamati kilipokaribia, mtani alinivuta kando na kunipa shauri. Alisema nisisimame mimi.

"Ukisimama wewe, watamsikia mwanamke wa hapa anapigania kijiji cha mama yake," aliniambia. "Nikisimama mimi, Mnyamwezi wa watu, nisiye na shangazi wala shamba huko, watasikia utaalamu. Niachie."

Nilifikiri usiku wake na nikaona ana haki. Nilijua jinsi vile vyumba vya mbele vilivyokuwa vikinisikiliza. Nikamwachia.

Kamati ilikaa kwenye ukumbi wa mkoa chini ya feni iliyokuwa ikizunguka kwa kujilazimisha. Ramani yangu ilibandikwa ukutani. Wakuu wa idara walikuwa wameshiba chai na maandazi, wana usingizi, na ajenda ilikuwa ndefu. Mtani alisimama, akaitazama ramani kwa muda, akiwa ameinamisha kichwa upande. Nilikuwa nimekaa nyuma yake, nimekwishaanza kutabasamu, maana nilimjua; nilijua ataanza na mzaha kuwaamsha, halafu aingie kwenye kazi.

"Waheshimiwa," alisema, "mimi nakaa na Waluguru, na ninawapenda. Lakini oneni wenyewe. Mtani wangu kapelekwa Nairobi kwa jasho la wakulima, karudi kutuchorea kichuguu."

Ukumbi ulipasuka. Akaendelea. Akasema mama mjamzito ataingia mlango huu na kumbikumbi watatoka mlango ule kumpokea. Akasema mganga itabidi ateuliwe na malkia wa mchwa. Mwenyekiti alivua miwani akafuta macho. Nami nilikuwa nasubiri. Kwa kweli nilikuwa bado nasubiri ageuke, anyooshe kidole kwenye ule mkato alioutia wino kwa mkono wake, aseme sasa tuache mzaha. Hakugeuka. Akainama chini ya meza akatoa bomba la ramani ambalo sikuwahi kuliona, akafungua karatasi na kuibandika juu ya yangu. Zahanati ya mfano, ya saruji na bati, ya kutumika mkoa mzima. Wino umekauka zamani. Mchoro kama ule hauchorwi kwa siku moja wala mbili. Ulikuwa umechorwa mahali fulani, jioni fulani, wakati mimi namletea mihogo. Mstari wa ardhi ulikuwa umenyooka kama meza. Mtu aliyekuwa amepanda mlima ule kwa miguu yake, akakanyaga udongo wake, aliuchora kama uwanja wa mpira.

Wote wakanigeukia waone nitajibu nini, maana mtani akikupiga lazima urudishe. Kama ningekasirika, ningekuwa mwanamke aliyesoma mpaka akasahau mila za kwao. Nikacheka. Sheria inataka ucheke, nami nikacheka kwa sauti, nikisikia kicheko changu kinatoka kama cha mtu mwingine.

"Kama mwenyewe anacheka," mwenyekiti alisema, "basi tusonge mbele."

Nilimkuta kwenye ujia baada ya kikao, anawasha sigara. Nilitaka kumtukana tusi la kweli. Nilianza kumwuliza kwa nini, sauti ikanitetemeka, naye akanitazama kwa macho ya upole kabisa, yale yale ya siku zote.

"Mtani," alisema, "usiniambie umekasirika."

Hapo ndipo nilipoelewa alivyonifunga. Mtu mwingine yeyote katika ukumbi ule angesimama kuipinga ramani yangu kwa hoja, ningejibu kwa hoja, na hoja ninazo mpaka leo. Hoja zangu zote alizijua, nilizimwaga mbele yake mezani kwa miezi. Akachagua kitu pekee ambacho sikuwa na ruhusa ya kukijibu kwa ukweli. Alinipiga kwa mkono ambao mila imekataza kuushtaki. Kabla mwaka haujaisha aliitwa Dar es Salaam, akapewa idara ya majengo ya vijijini, na wale wa vyumba vya mbele wakamchinjia mbuzi wa kumuaga. Nilikwenda. Nilikula mbuzi yule.

Kwenda kumwambia mjomba nilikwenda peke yangu. Nilimpa shikamoo, akaitika marahaba, akasogeza kigoda. Nikamweleza kwamba kamati imekataa udongo, na kwamba italetwa ramani nyingine. Akauliza kama yule kijana wa Tabora alikuwapo. Nikasema yeye ndiye aliyesema. Akataka kujua kasema nini hasa, nikamrudia maneno yote, kichuguu na kumbikumbi na malkia wa mchwa. Mjomba akacheka. Kilimtoka kabla hajakizuia, kicheko cha kweli, kisha akajiziba mdomo kwa kiganja na kubaki hivyo, macho yamejaa aibu. Ulikuwa mzaha mzuri, na hilo lilikuwa sehemu ya uovu wake.

"Yule alikula kwangu kama mtani," alisema akishusha kiganja. "Basi hatuna pa kumshtaki."

Yaliyofuata ni ya kawaida sana kwa miaka ile, na nikiyasimulia kwa vijana wananiangalia kama nawapigia porojo. Watu waliamriwa kuusawazisha mlima, wakausawazisha kwa majembe. Lori lilileta saruji mpaka Kinole likagoma, mifuko ikapandishwa kichwani. Kuta zilifika usawa wa madirisha, saruji ikaisha. Iliyokuja mara ya pili ilikaa Kinole ikisubiri wabebaji wakati wa mavuno, ikanyeshewa, ikaganda ndani ya mifuko, ikawa mawe yenye umbo la mito ya kulalia. Bati hazikuonekana kabisa. Watu wakapaita Kichuguu, kwa maana habari hushuka na kupanda mlima haraka kuliko lori, na jina likanata kwenye jengo la saruji ambalo halikuwa na hatia yoyote ya udongo. Matofali yetu yalikatazwa kuguswa yasije yakaharibu mpango. Majani ya migomba yaliyoyafunika yakaoza, hakuna aliyeruhusiwa kuyabadilisha, kisha mvua ikayakuta. Tofali la udongo likijengwa chini ya paa linakaa vizazi. Likiachwa nje mafungu mafungu linalegea, linavimba, linarudi kuwa ardhi. Msimu uliofuata mtu alipanda mchicha juu yake, ukastawi sana.

Masika yale yalipofika mdogo wangu alishikwa na uchungu. Wakambeba kwenye machela. Njia inapita chini kidogo ya kile kiwanja cha bibi, na kutoka pale unaziona kuta zilizoishia madirishani. Waliteleza hapo. Mtoto alizaliwa kwenye nyasi, kando ya njia, kwenye mvua, na hakulia. Alikuwa wa kike. Mdogo wangu alipona, akaja kuzaa wengine, lakini mkono wake ule uliokuwa ukivuta mpini wa mashine ulikuwa ukishika shuka nililojifunga nilipokwenda kumtazama, unalivuta na kuliachia, unalivuta na kuliachia. Hakuniuliza kuhusu neno nililompa. Ningependa angeuliza.

Niliendelea na kazi. Nilichora vyoo vya shule, maghala, nyumba za mabwana shamba. Katika miaka saruji ilipoadimika kabisa, hata ya kuzibia ufa huipati bila kibali cha mtu, nilikuwa jikoni kwangu Bigwa nikipepeta mchele, redio imewashwa, nikasikia sauti ninayoijua. Mtani alikuwa akihojiwa kama bingwa wa ujenzi wa udongo. Alieleza jinsi ya kuufuata mteremko badala ya kuuchimba. Alieleza matundu ya chini na ya juu. Akasema ukuta mnene wa udongo unapumua, na neno hilo lilikuwa langu, nililisema siku alipokuwa akitia wino ule mkato, akalicheka. Niliweka ungo chini. Nilimtukana ndani ya redio ile, peke yangu, kwa maneno ambayo nisingeyasema hata kwenye msiba, mpaka jirani akagonga kuuliza kama kuna mtu.

Kisha akafa. Gari lake liligongana na lori la mkaa pale Mikese, akitoka Dar es Salaam kuja Morogoro kikazi, na maiti ililetwa hospitali yetu. Ofisi nzima ilinitazama. Ukoo wake ulikuwa Tabora, mke na watoto walikuwa wamekwenda huko likizo, na mila iko wazi: mtani yupo, mtani ampeleke. Mkuu mpya wa ofisi, ambaye hakujua lolote, alinishika bega akaniambia anajua tulivyokuwa tunapendana. Nikapanda treni. Jeneza lilikuwa kwenye behewa la mizigo, mimi na wafanyakazi wenzangu wawili tukawa daraja la tatu, na nchi kavu ya Dodoma na kisha miombo ya Unyamwezi ikapita dirishani. Njia nzima nilikuwa nikitafuta mzaha. Sikupata hata mmoja. Kila nilichokumbuka juu yake kilikuwa na ncha.

Tabora walinipokea kwa furaha ambayo ni msiba tu wenye watani unaoweza kuileta. Mluguru amekuja, wakapiga kelele, Mluguru ameshuka mlimani, mpeni kiti asije akaanguka kwenye tambarare. Mama wa marehemu alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, aliyelia mpaka akamaliza. Aliponiona alinishika mikono miwili, akaniambia mwanawe alikuwa akinitaja nyumbani, kwamba mimi ndiye niliyekuwa mchoraji hodari kuliko yeye. Sijui kwa nini aliniambia hivyo. Sijui kwa nini yule mtu alikuwa akilisema sebuleni kwa mama yake jambo ambalo alilikanusha ukumbini.

Katekista alipomaliza sala na wakataka kuliinua jeneza, nilisimama mbele yake nikanyoosha mikono, kama inavyotakiwa. Hatoki mtu, nikasema. Watu wakatulia, wengine wameshaanza kutabasamu, wanasubiri. Na kwa kuwa sikuwa na mzaha, nikasema ukweli.

Nilisema huyu mliyemfunga humu alikuwa mwongo. Wakacheka. Nilisema alikula mihogo yangu, akala ndizi za mjomba wangu, akavunja nyumba ya mjomba wangu kabla haijajengwa. Nilisema aliuza kijiji kizima kwa kiti cha Dar es Salaam, kiti chenyewe cha kuzunguka. Wanaume walikuwa wakipigana mabega. Nilisema alikwenda redioni na maneno yangu mdomoni kama mtu aliyevaa suruali ya jirani. Sauti yangu ilikuwa ikitetemeka vile vile ilivyotetemeka kwenye ule ujia, machozi yananitoka, nao wakaona namna Mluguru anavyojua kuigiza, wakashangilia. Kadiri nilivyosema kweli ndivyo mbavu zilivyowauma. Mama yake mwenyewe alikuwa amejifunika khanga usoni, mabega yanatikisika, na nilijua anacheka, na nilijua kwamba nimemfanyia wema.

Basi nikasema la mwisho. Sikulipanga.

"Na mtoto wetu," nikasema. "Tunamdai mtoto. Wa kike. Hazikwi mtu hapa mpaka mtupe mtoto wetu."

Hiyo ndiyo iliyowamaliza. Watani kila siku hudai mke, hudai mtoto, ni madai ya kawaida msibani, lakini hawakuwahi kuona yakidaiwa kwa uso ule. Mtu mmoja alikaa chini kabisa kwa kicheko. Mama wa marehemu akashusha khanga, akatazama nyuma yake, akamsukuma mbele msichana mdogo aliyekuwa ameshika sketi yake. Alikuwa na ile shingo ya baba yake. Viatu vyake vipya vya msiba vilikuwa vikubwa, vikimtoka visigino.

"Huyu hapa, mtani," yule mama alisema. "Binti yake. Mchukue, tumemaliza. Tupishe tukamzike."

Msichana aliinua mkono wake nami nikaushika. Watu wote walikuwa wakinitazama, wanasubiri, na sheria ni ile ile. Nikacheka, nikatoka njiani, nao wakaliinua jeneza wakapita. Tulifuata nyuma, mimi na yule mtoto, na njia nzima mpaka kaburini hakuniachia mkono, maana hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba ni mzaha.